Potenshiomita za Gitaa la Umeme: Ipi Inunuliwe Kwanza

Wapo wapigaji wanaobadilisha pikapu (kinasa cha mtetemo wa nyuzi) mara mbili kabla ya kugundua kwamba sauti butu wanayoikimbia inatokana na potenshiomita, yaani kile kipande cha ukinzani kilicho chini ya kifundo cha sauti. Hata kifundo kikifunguliwa hadi mwisho, ukinzani wake hubaki kati ya pikapu na waya wa ardhi, na kadiri ukinzani huo ulivyo mdogo, ndivyo unavyozidi kukishusha kile kilele cha masafa ya juu kinachoipa pikapu ukali wake.

Kwa gitaa lenye hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, naiweka ya kilo-omu 500 (omu ni kipimo cha ukinzani) nafasi ya kwanza, kwa kuwa koili mbili tayari zina sauti nzito isiyohitaji kufifishwa. Kwa pikapu za koili moja, nafasi hiyo ni ya kilo-omu 250. Zile za 500 huifanya pikapu iliyo karibu na daraja ichome masikio. Ya kilo-omu 300, ambayo Gibson waliitumia katika magitaa yao mengi ya miaka ya 1970, naipa nafasi ya tatu, kwani huituliza hambaka iliyo kali kupita kiasi. Ya megaomu 1, yaani kilo-omu 1,000, iliyomo katika Jazzmaster ya Fender tangu 1958, ni ya mwisho, nayo inamfaa tu anayeutafuta ukali huo kwa makusudi.

Hata hivyo, namba iliyoandikwa mgongoni isiaminiwe peke yake. Potenshiomita nyingi huruhusiwa kupotoka kwa asilimia 20, kwa hiyo ya 500 yaweza kuwa 400 au 600 kwa kweli. Nilipogusisha ncha za multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye miguu miwili ya pembeni ya potenshiomita mbili za aina moja, ya kwanza ilisoma 431 na ya pili 538, na tofauti hiyo husikika. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, inafaa kulipia zaidi zile za asilimia 10, au kupima kabla ya kuchomelea.

Kwa kiwango cha sauti, chagua yenye herufi A, yaani ya logarithimu. Yenye herufi B, yaani ya mstari, mara nyingi haionyeshi mabadiliko makubwa mwanzoni unapoipunguza, kisha sauti huporomoka ghafla karibu na mwisho.

Pima pia tundu la kuipachika na unene wa mbao ya gitaa: Les Paul nyingi za Gibson huhitaji shina refu, na kifundo cha kukazwa kwa skrubu huhitaji shina lisilopasuliwa.