WhatDoTheyKnow: nimeitumia kuchimba imeili za serikali kuhusu sachi za polisi, naipa nyota 4

Mliopo Uingereza hii inawahusu, na mliopo nyumbani pia maana sheria ya huku ya kuomba taarifa za ofisi za umma haiulizi pasi wala makaratasi, yeyote popote alipo anaomba (Kenya nao wana yao ya 2016, siku 21, ila ni kwa raia tu). Tovuti yenyewe ni ya mySociety, shirika la hisani, ipo tangu 2008. Unachagua ofisi, unaandika swali, wao wanalituma, jibu likija linatundikwa hapohapo kila mtu alione. Bure kabisa.

Kilichonipeleka ni mpwa wangu. Kapigwa sachi nje ya duka la kuku wa kukaanga, kavuliwa koti na baridi ile, hajakutwa na kitu, kauliza kwani nimefanyaje anaambiwa leo hapa kuna kifungu cha 60. Hicho ni cha sheria ya 1994, eneo likishatangazwa polisi anakupekua bila hata kukushuku. Sasa mi nikataka kujua hawa wakubwa huwa wanaandikiana nini kuhusu hizi kanuni kabla hazijatufikia sisi mtaani.

Mara ya kwanza nilichemka. Niliomba "mawasiliano yote" ya ofisi moja ya serikali (siitaji) na polisi kuhusu upekuzi, nikasubiri siku 20 za kazi, ya 20 yenyewe jioni ndo jibu linaingia eti kuyatafuta kutazidi pauni 600. Nilifoka! Baadaye nasoma nakuta ni kweli, saa moja ya kutafuta inahesabiwa pauni 25, kwa serikali kuu mwisho ni 600 yaani masaa 24, ukiomba polisi wenyewe mwisho 450, masaa 18, ikizidi hapo wanaruhusiwa kukataa.

Nikarudi nimejipanga: imeili za miezi miwili tu, zenye "section 60" kwenye kichwa cha habari. Zikaja, PDF kurasa 11. Ya kwanza ina salamu, halafu nusu ukurasa nyeusi tii kama sufuria la kuni, chini asante sana, na jina la aliyeshukuru nalo limefutwa. Majina wanaficha kwa kifungu cha 40 cha hiyo sheria ya taarifa, na cha 35 ni kwa sera ambayo bado inapikwa, hicho cha 35 mtakizoea. Lakini katikati kuna imeili tatu zilipona, watu wazima wanabishana kwenye rasimu ya kanuni iandikwe "lazima" au "inafaa". Nilizisoma mara nne, maana kwa mpwa wangu pale nje ya duka hayo maneno mawili si sawa hata kidogo.

Ukinyimwa kuna kitufe cha kuomba wapitie upya, nilibonyeza, wakafungua kurasa 2 zaidi. Wangegoma ningeenda kwa Kamishna wa Habari, anayesimamia sheria hii, nayo bure.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya jina. Sheria inataka jina lako la kweli na linabaki hadharani, mwajiri akikugugo analiona, kuna akaunti ya kulipia inaficha ombi kwa muda lakini ndo ya kulipia sasa. Na jamani msiandike kesi zenu humo! Mpwa alitaka tuweke kila kitu, saa, mtaa, namba ya askari, nikamwambia koma. Taarifa zako mwenyewe unaziomba polisi moja kwa moja kwa sheria ya data, wana mwezi mmoja kukujibu, na ile karatasi ya sachi una miezi 3 ya kuidai.

Halafu kabla hujaandika lako tafuta kwanza humo ndani. Mi baada ya kuhangaika kote huko ndo nakuta wenzangu walishauliza kifungu cha 60 zamani na majibu yamekaa tu pale.