Nimepanda Mchongoko wa Tanzania, na Sasa Naongea na Watu wa Mombasa

Haya wadau, shwari? Karibuni tena kwenye chaneli, leo hatuchambui simu wala pikipiki ya umeme, leo ni treni nzima. Wengi wenu mmenijazia inboksi mkisema kaka panda ile Mchongoko utuambie kama ni kweli au majirani wanatupigia makelele tu. Nimepanda. Na nawaambia mapema kabla hamjaanza kuruka mbele: kila mtu anaongelea spidi, na kwangu mimi spidi ndio jambo dogo kabisa kwenye hii treni. Ngojeni nieleze.

Kwanza tuelewane ni treni gani, manake watu wanachanganya. Tanzania kwenye SGR yao, yaani reli mpya ya kisasa, wana aina mbili. Kuna ile ya kawaida, kichwa cha umeme mbele kinavuta mabehewa, hiyo ndiyo iliyoanza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, halafu ikafika Dodoma mwezi wa saba. Kisha kuna hii Mchongoko yenyewe, yenye pua ndefu, imeingia kazini tarehe 1 Novemba 2024, imeundwa na Hyundai Rotem wa Korea Kusini. Ziko seti 10, kila seti mabehewa 8, inabeba abiria 589. Mafundi wanaiita EMU, yaani haina kichwa cha kuvuta, mota zimegawanywa huko chini ya mabehewa yenyewe.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Treni yetu sisi ya Madaraka, ile ya dizeli ya Mombasa Nairobi, ni kama hamali mmoja na mkokoteni, anavuta peke yake mzigo wote uko nyuma, lazima aanze polepole. Hii ya wenzetu mzigo wenyewe una miguu. Nimeweka simu hapa juu ya kimeza na chai pembeni, oneni video, hapa tunatoka Morogoro, mlango umefungwa... angalia chai... angalia jipiesi... ishapita 60, ishapita 80, na chai haijamwagika wala hakuna ule mvuto wa kukurusha nyuma, hakuna ule mlio wa injini kukoroma, ni kisauti chembamba tu kinapanda halafu kinanyamaza. Yule mama mnayemuona pale kiti cha mbele alikuwa anamenya chungwa, hata hakuinua kichwa. Huko kwenye tambarare nikagonga 150 na kitu, rasmi wanasema mwisho wake 160. Sawa, ni nzuri, ukilinganisha na 120 ya Madaraka ni nyingi. Lakini ukiwa ndani, ukishazoea, 120 na 160 ni miti tu inapita. Kile cha kuondoka haraka na kusimama haraka, hicho ndicho nilichokipenda mimi.

Na breki zake wadau. Ikifunga breki zile mota zinageuka jenereta, umeme unarudishwa kwenye waya wa juu, treni ya dizeli moto wote ule wa breki unapotea hewani bure. Sasa fikiria treni inayosimama kila baada ya kilomita tano sita, inaondoka, inasimama, inaondoka, inasimama. Hapo ndipo EMU inapata riziki yake. Kwa hivyo mimi maoni yangu, na Wabongo mnisamehe, kuipeleka hii kitu Dar Dodoma moja kwa moja kilomita mia nne na kitu ni kuionea, ile ya kichwa inaifanya hiyo kazi vizuri tu na kwa bei ya chini. Mchongoko inataka Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, mtu anaishi Pwani anafanya kazi Kariakoo, asubuhi anaingia jioni anarudi.

Ndani? Viti viko poa, kiyoyozi kinapiga haswa beba kishali, soketi ya kuchaji ipo, choo kilikuwa kisafi. Kuna madaraja ya watu wa pesa huko kwingine, mimi nilikaa na wananchi. Ukitoka kwenye economy ya kwetu, ile ya kukaa magoti kwa magoti na mtu usiyemjua saa tano nzima mnatazamana, hapa utajiona umepandishwa cheo. Siongezi mengi hapo, viti ni viti.

Kitu ambacho hakionekani kwenye video za watu ni stesheni. Stesheni ya Dar iko mjini. Mjini kabisa yaani, unashuka unatembea, mabasi ya mwendokasi hayo hapo, bodaboda hizo hapo, Kariakoo si mbali. Treni inatoka juu ya daraja refu unaona paa za watu chini, foleni yote iko chini yako inapiga honi. Sasa sisi tumeweka ya kwetu wapi? Miritini. Mtu wa Nyali au Bamburi akitaka treni ya asubuhi anaamka saa tisa usiku, anatafuta gari, anaomba Mungu Changamwe pasiwe na lori limelala, akifika bado mizigo ipangwe mistari chini mbwa wapite wanuse. Lakini pia nisiwapambe wenzetu sana, Morogoro nako stesheni iko pembeni, pande za Kihonda, na ukishuka pale usiku wenye bajaji wanakusoma usoni kuwa wewe ni mgeni, bei inapanda yenyewe.

Haya, umeme. Najua mko hapo kwenye komenti mnaandika stima ikipotea je. Swali zuri. Waya wa juu una volti elfu 25, na kwa kipande cha Dar mpaka Morogoro TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, walijenga laini yake kubwa ya kilovolti 220 kutoka Kinyerezi hadi Kingolwira, yaani treni haichukui umeme kwenye nguzo moja na saluni ya mtaani. Bwawa la Nyerere nalo lilianza kuzalisha umeme 2024, uwezo wake ni megawati 2,115. Ila umeme ni umeme. Ule mwezi wa kwanza wa safari za Dodoma treni ilisimama njiani na shirika la reli likatoa taarifa kuwa ni ngedere na bundi wamegusa nyaya. Watu walicheka wiki nzima! Mimi nilicheka pia, lakini ukimuuliza fundi yeyote wa laini kubwa atakwambia wanyama na ndege kuleta shoti ni jambo la kila siku dunia nzima, dawa yake ni kuweka vizuizi kwenye vile vikombe vinavyoshika nyaya na kwenye nguzo, na kukata matawi. Hata nyani wa huku kwetu wanazijua laini za stima vizuri.

Na kwetu je? Msisahau ile Agosti 2023 nchi nzima ilikuwa giza mpaka eapoti. Kwa hivyo anayeogopa simlaumu. Lakini hebu tazameni tulivyokaa: Rabai pale, hapo juu ya Mazeras, ndipo penye kituo kikubwa cha stima cha Pwani, na laini kubwa ya kwenda bara inapita hapo hapo. Reli inapita hapo hapo pia. Umeme mwingi wa Kenya ni wa mvuke wa Olkaria, maji na upepo, halafu sisi tunachoma dizeli kuvuta watu, hiyo hesabu mimi inanishinda.

Nikija kwenye treni za mjini sasa, zile za kwenda kazini na kurudi. Nairobi walipata DMU 11 za mtumba kutoka Mallorca, Uhispania, zilifika 2020, hizo ni za dizeli, muundo ni kama huu wa mota chini ila wa mafuta. Kwa kuanzia si mbaya, mtumba sote tunavaa. Mombasa tuna reli ya zamani, ile nyembamba, iliyofufuliwa kutoka stesheni ya mjini mpaka Miritini. Mchongoko wenyewe haiwezi kupita hapo, upana wa reli ni tofauti, usiniandikie tuilete kesho. Lakini treni za umeme za reli nyembamba zipo, Japani wanazo miaka na miaka. Mjini, Changamwe, Miritini, Mazeras, Mariakani, ni kilomita 30 na kitu, stesheni zinafuatana karibu karibu, watu wako tele, ile barabara asubuhi malori ya bandari yamejaa mpaka Kibarani. Hiyo ndiyo njia ya EMU, sio safari ndefu ya Mombasa Nairobi. Hiyo ya Nairobi acha iende na kichwa cha kawaida, hata wakiweka umeme baadaye.

Bei sasa, manake najua ndio mnasubiri. Treni ya kawaida ilipoanza, Dar Morogoro ilikuwa elfu 13 za Tanzania, kama shilingi mia sita na kitu za kwetu, na Dar Dodoma elfu 31, ambayo haipishani sana na 1,500 ya Madaraka economy kwenda Nairobi. Mchongoko ni ghali kuliko hapo, na daraja la juu ni ghali zaidi sana, kwa hivyo angalia mtandaoni siku unayosafiri. Unakata tiketi unapewa kontrol namba, yaani namba ya malipo, unalipa kwa simu, na kama huna laini ya Tanzania mtafute mwenyeji akulipie kabla hujafika stesheni, usingoje dirishani. Pasipoti iwe mkononi, jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, kina Mohamed na Muhammad nawaangalia nyinyi.

Kama ni mara yako ya kwanza na unataka Moro tu, mimi nakwambia panda ile ya kawaida uende nayo, Mchongoko rudi nayo, utasikia tofauti mwenyewe pale inapoondoka. Na ukifika mpaka Dodoma kaa dirishani ukishapita Kilosa, kuna mahandaki na milima, hapo weka simu chini. Basi la Dar linapita Lunga Lunga, siku nzima hiyo, beba mahamri yako. Nauli za basi nitaziweka hapo chini kwenye maelezo.