Kabla ya Kuchagua Kadi ya Grafiki, Soma Stika ya Pawa Saplai

Mwaka jana nilimnunulia mdogo wangu kompyuta ya mezani ya mtumba, ya zile zinazotoka maofisini Ulaya, ili achezee gemu baada ya kumaliza mitihani yake ya kidato cha sita. Prosesa yake ilikuwa Core i5-4570 na memori ilitosha. Kilichobaki kilikuwa kadi ya grafiki, inayochora picha za gemu kwenye skrini, na pawa saplai, yaani kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ya kuibeba kadi hiyo. Nilizunguka Kariakoo kutwa nzima nikilinganisha kadi, nikiuliza habari za memori, feni na gemu ambazo kila moja inazimudu, na mwishowe nikachukua RX 580 ya GB 8. Pawa saplai niliichagua kwa dakika tano. Muuzaji aliweka mezani boksi jeusi lililoandikwa wati 650 kwa tarakimu kubwa, akataja Sh 60,000, nami nikalipa.

Wiki ya tatu, usiku, mdogo wangu akiwa katikati ya mechi, ulisikika mlio kama wa balbu inayopasuka, skrini ikazima, na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Kesho yake fundi alitupa habari mbaya kwamba pawa saplai ilipokufa iliondoka na mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ingawa kadi ilikuwa imepona. Kisha alikigeuza kile chuma, akakifuta vumbi kwa kidole gumba, na kunionyesha stika iliyokuwa ubavuni. Kwenye safu ya volti 12 paliandikwa ampea 18. Ampea zikizidishwa kwa volti hutoa wati, kwa hiyo alizidisha 18 kwa 12 mbele yangu, akapata 216. Hizo ndizo wati ambazo kifaa hicho kiliahidi kuzitoa mahali zinapohitajika, wakati RX 580 peke yake imepangiwa wati 185 na prosesa yetu wati 84. Maandishi ya ukweli yalikuwepo tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeyasoma, nami nikiwemo.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na pawa saplai, na utakaa hapo kwa muda mrefu kuliko wengi walivyozoea. Habari za kasi ya kadi zimejaa kila mahali. Habari za stika hazisemwi.

Kila pawa saplai halali ina jedwali dogo ubavuni linaloonyesha volti 3.3, volti 5 na volti 12, na chini ya kila moja ampea zake. Zamani kompyuta zilitegemea sana volti 5 na 3.3, lakini za leo hupeleka karibu mzigo wote, yaani prosesa na kadi ya grafiki, kwenye volti 12. Watengenezaji wasio waaminifu hujumlisha safu zote, hata zile ambazo kompyuta yako haitazigusa, kisha huandika jumla hiyo kwenye boksi. Wengine hawahangaiki hata kujumlisha. Namna ya kuwashtukia ni kuchukua ampea za volti 12 na kuzidisha kwa 12. Corsair CX550, kwa mfano, ina ampea 45.8, ambazo ni wati 549.6, na CX650 ina ampea 54, ambazo ni wati 648. Namba ya boksi na namba ya jedwali zinakutana. Mimi sinunui tena pawa saplai ambayo hesabu hiyo haifikii hata sehemu tisa katika kumi za wati zilizotangazwa.

Jambo la pili liko juu kidogo ya jedwali hilo, kwenye mstari wa umeme unaoingia, nalo kwetu lina uzito wa pekee. Pawa saplai nzuri huandikwa volti 100 hadi 240. Mitaani kwetu, jioni watu wanapowasha majiko na pasi, umeme hushuka hadi taa zikawa nyekundu. Kifaa kinachokubali kuanzia volti 100 huendelea kufanya kazi bila kuyumba, ilhali kile kinachotaka volti 200 hadi 240 kitaizima kompyuta au kuiwasha upya katikati ya gemu. Hata kampuni zinazoaminika hutoa baadhi ya matoleo ya bei nafuu yenye kikomo hicho cha volti 200, kwa hiyo soma stika ya toleo lenyewe na usitosheke na jina la kampuni. Ukiona swichi ndogo nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230, fahamu kwamba huo ni muundo wa kizamani, na mtu akiisogeza kwenye 115 huku kifaa kimechomekwa kwenye umeme wetu, kitaharibika papo hapo.

Alama ya 80 PLUS, ambayo wauzaji huitaja kama kiapo, hupima ufanisi tu, yaani ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinaifikia kompyuta na kiasi gani kinapotea kama joto. Ni alama yenye maana, lakini haikuambii lolote kuhusu kinga dhidi ya mzigo uliozidi au shoti, na kuichapisha kwenye boksi la uongo hakugharimu chochote.

Katika pawa saplai, chaguo langu la kwanza ni Seasonic Focus GX, ya wati 550 au 650, na silifichi pendekezo hilo. Seasonic ni kampuni ya Taiwan iliyoanza mwaka 1975, Focus GX inaitengeneza yenyewe badala ya kubandika jina lake kwenye kazi ya kiwanda kingine, inakubali volti 100 hadi 240, na ina dhamana ya miaka kumi. Kuipata Kariakoo si rahisi. Yangu niliagiza kwa mfanyabiashara anayekwenda kwenye maduka ya kompyuta ya Bur Dubai, nikasubiri, na sijutii kusubiri. Tahadhari moja: waya zake huchomolewa zote, na mpangilio wa pini upande wa pawa saplai haufanani kwa kampuni zote. Usichukue waya wa pawa saplai nyingine ukauchomeka humo kwa sababu tu umeingia, kwani unaweza kuunguza diski au kadi mara moja.

Ya pili ni Corsair CX550 au CX650, ambazo hupatikana kwa urahisi zaidi Dar es Salaam na Nairobi. Sina malalamiko juu yake. Kama pesa za Focus hazipo, nunua hii na ulale usingizi. Za bei ya chini kabisa, zile zenye taa za rangi na majina usiyoweza kuyapata popote nje ya boksi lake, sizipangi nafasi yoyote.

Hapo ulipo unaweza kuwa umeshafikia uamuzi wa kununua wati 850 ili uwe salama. Huna haja. Prosesa ya wati 84, kadi ya wati 132 kama ile nitakayoipendekeza hapa chini, na vingine vyote kwa wati 50 hivi, hufanya wati 266. Kadi huvuta ghafla zaidi ya kiwango chake kwa sehemu ndogo ya sekunde, ndiyo maana tunaacha nafasi, lakini wati 550 za kweli zinatosha kabisa kwa kadi zote nitakazozitaja hapa.

Wenye kompyuta za mtumba za maofisini wana kikwazo kingine. Dell OptiPlex 9020 ile kubwa huja na pawa saplai ya wati 290, na plagi yake ya mazabodi ina pini 8 badala ya 24 za kawaida. HP EliteDesk 800 G1 nayo ina plagi ya pini 6. Huwezi kuingiza Seasonic humo bila adapta ya mfano huohuo, ambayo huagizwa, na kwenye makasha membamba hata umbo la pawa saplai ya kawaida haliingii. Fungua kasha, hesabu pini, pima nafasi, ndipo utoe pesa.

Naomba msomaji anisikilize hasa kuhusu adapta za kadi. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 huongeza 75, na ya pini 8 huongeza 150. Pawa saplai isipokuwa na plagi ya pini 8, muuzaji atakupa kiwaya kinachogeuza plagi ya diski ya SATA kuwa pini 8, tena atakupa bure. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Ukiiwekea 150, itayeyuka. Nimeshika mikononi mwangu plagi ya namna hiyo iliyokuwa imegeuka kahawia na kushikana na pini zake kama ubani uliokolea moto, na mwenyewe alikuwa akiitumia akiamini kwamba tatizo lake ni draiva, yaani programu inayoiendesha kadi.

Sasa kadi. Kwa skrini ya kawaida ya mistari 1080, ninaiweka mbele RX 6600, na nikiweza kuchagua ninachukua ya Sapphire Pulse. Ilitoka Oktoba 2021, ina GB 8, inatumia wati 132 na plagi moja tu ya pini 8. Kwa bei yake, hakuna kadi inayoipatia pawa saplai ya kawaida raha kama hii kwa kazi inayofanya, na kwenye mazabodi ya zamani hasara yake ni ndogo.

RTX 4060 ya mwaka 2023 inatumia wati 115 tu na ina kasi zaidi, ila imewekwa ya pili kwa sababu ya bei tu. Ilizinduliwa Marekani kwa dola 299, na bei ninazotajiwa hapa hazina uhusiano wowote na namba hiyo hata baada ya kuongeza usafiri na asilimia 18 za VAT. RTX 3060 ya GB 12 inawafaa wanaofanya pia kazi za video, lakini inataka wati 170.

Kama pawa saplai yako haibadilishiki kabisa, kadi yako ni RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024: inatumia wati 70 na inaishi kwa umeme wa tundu peke yake, mradi uhakikishe toleo unalonunua halina plagi ya ziada. RX 6400 nayo haihitaji waya, lakini inatumia njia nne tu za kupitishia data kwenye mazabodi, na kwenye kompyuta za kizazi cha i5-4570 hupoteza kasi nyingi. Intel Arc B580 ina GB 12 na bei yake ya kuzinduliwa ilikuwa dola 249, lakini inategemea Resizable BAR, yaani uwezo wa prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, na Intel haiungi mkono prosesa zake za kabla ya kizazi cha kumi. Kwa mtumba wa ofisini iache. GTX 1050 Ti bado inacheza gemu nyepesi.

Hiyo 1050 Ti ndiyo inayoghushiwa kuliko zote. Kadi za zamani sana hubadilishiwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina hilo. Ukiona kadi inayoitwa 1050 Ti yenye tundu la VGA la pini 15, iache mezani, kwa sababu Nvidia iliondoa mfumo huo wa picha kwenye kizazi hicho cha kadi. Beba programu ya GPU-Z, inayosoma utambulisho wa kadi, kwenye flashi na uiendeshe hapohapo dukani. Kadi ya kughushi ikitambuliwa, neno FAKE hutokea mbele ya jina lake.

Nilirudi dukani na ile pawa saplai iliyoungua. Nilionyeshwa karatasi ukutani: mali ikishauzwa haitarudishwa. Nilipoomba risiti ya siku ile nikakumbushwa kwamba nilikubali bei isiyo na risiti, kwani ya risiti ilikuwa juu zaidi. Jambo hili linaniuma hadi leo, na linaniuma kwa ajili ya kila kijana anayeweka akiba miezi sita kisha anauziwa wati ambazo hazipo. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, lakini bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, huna pa kuanzia. Lipa bei ya risiti, na omba waandike jina na toleo la kifaa, siyo neno "pawa saplai" peke yake.

Juzi nilimsindikiza rafiki yangu kununua ya kwake. Muuzaji alikataa kulifungua boksi kwa maelezo kwamba likifunguliwa linakuwa mtumba. Tulivuka barabara hadi duka la pili, ambako kijana aliifungua CX550 bila ubishi, akaigeuza, naye rafiki yangu akasoma ampea kwa sauti, akapiga picha stika, ndipo akatoa pesa.