Kisigino kinauma na bado nataka kupendeza: viatu nilivyovipata Karume

Nafundisha sekondari hapa Dar es Salaam, na siku yenye vipindi vingi nasimama kwa muda wa saa nne mpaka tano juu ya sakafu ya saruji. Kisigino changu cha kulia kilianza kuuma mwezi wa Machi mwaka juzi. Maumivu yenyewe si ya kutwa nzima. Ni zile hatua za kwanza asubuhi: unashusha mguu kutoka kitandani, unakanyaga chini, unahisi kama kuna msumari ulikuwa unakusubiri hapo usiku kucha. Ukitembeatembea unapungua. Halafu unakaa nusu saa kwenye kikao cha walimu, ukiinuka tu, msumari uko palepale.

Hospitali nilielezwa kwamba chini ya unyayo kuna utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole, na ndio unaoshikilia ule uvungu wa katikati. Ukivutwa kupita kiasi kila siku, unaumia pale unaposhikana na kisigino. Usiku tukilala unajikunja, asubuhi tunaukanyaga ghafla ungali umekaza. Daktari alinitoa hofu: wengi wanapona bila kupasuliwa, ila inachukua miezi, wengine hata mwaka. Akanifundisha mazoezi, kisha akaniuliza kiatu nilichovaa. Nilikuwa nimevaa simpo nyeusi, zile za soli nyembamba kama chapati. Akazishika, akazikunja katikati kwa vidole viwili mpaka ncha ikagusa kisigino. Hakusema kitu, na hakuhitaji kusema.

Naandika haya kwa ajili ya wanawake wenzangu wa kazi za kusimama. Najua tunavyojibiwa tukilalamika miguu: "Vaa raba." Raba ni nzuri, nami ninazo, lakini siwezi kuingia darasani na gauni la kitenge lililoshonwa likakaa, halafu chini nimevaa raba za mazoezi. Kupendeza kazini ni sehemu ya heshima yangu, na nilikataa kuamini kwamba maumivu yameniondolea haki hiyo.

Makosa yangu ya mwanzo yalitokana na neno moja: laini. Nilikuwa naingia dukani Kariakoo, nabonyeza ndani ya kiatu kwa kidole gumba, nikikuta sponji inazama nalipa. Nilinunua viatu vya kufunika vyenye sponji nene ndani, na siku ya kwanza nilitembea kama nakanyaga mkate. Wiki ya tatu sponji ilikuwa imelala chini ya kisigino, imebaki karatasi. Mguu ukawa unazama na kulala upande wa ndani kila hatua, na maumivu yakarudi kwa nguvu kuliko awali. Nikaenda duka la dawa nikanunua vile vipande vya jeli vya kuweka chini ya kisigino. Vikanipandisha hadi mguu ukawa unachomoka kwenye kiatu, nikapata malengelenge.

Baadaye nikasikia viatu vya ngozi vya Ulaya vya mtumba ndivyo vyenyewe, nikapata pea moja safi kabisa, ngozi haina hata mkwaruzo, soli nene. Nilivivaa siku nne. Siku ya tano, kipindi cha tatu, mwanafunzi mmoja wa mbele alinyoosha mkono akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, kiatu chako kinamomonyoka." Nilipoangalia nyuma, kuanzia mlangoni hadi ubaoni kulikuwa na makombo meusi, na soli ya kushoto ilikuwa imefunguka kama keki iliyokauka. Baadaye nilikuja kuelewa: kuna aina ya soli ya povu, poliurethani, ambayo unyevu wa hewa huila taratibu hata kama kiatu hakivaliwi. Kiatu kinaweza kukaa kabatini miaka, kionekane kipya kwa juu, huku soli imeshakufa ndani. Kwa hali ya hewa ya pwani yetu, hilo ni jambo la kuliogopa. Kwa hiyo ukikuta mtumba wa soli ya namna hiyo, usiangalie usafi wa ngozi. Bonyeza soli kwa ukucha pembeni, ikunje kwa nguvu mbele ya muuzaji. Ikitoa nyufa ndogondogo au ikiacha alama ya ukucha isiyorudi, iache.

Mtu aliyenisaidia ni fundi viatu. Ni mzee mmoja anayekaa chini ya mwembe karibu na kituo ninaposhukia daladala, mwenye cherehani ya mkono na kopo la gundi. Nilimpelekea pea iliyomomonyoka nikidhani ataibadilisha soli. Nikamwamkia, nikamweleza kisigino. Akaacha alichokuwa anashona.

"Mwanangu, wewe unatafuta godoro," alisema. "Mguu wako unataka kitanda."

Akanionyesha kwa mikono. Kiatu kizuri kwa mguu unaouma kinakunjika mbele tu, pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati hakina mfupa. Ukikishika mbele na nyuma ukakisokota kama unakamua nguo, kisikubali kusokoteka. Ukibana ukuta wa nyuma, ule unaokumbatia kisigino, uwe mgumu, usibonyee kama kikombe cha karatasi. Na jambo lililonishangaza kabisa: kisiwe bapa moja kwa moja. Kisigino kikiinuka kidogo, sentimita mbili au tatu, ule utando unapumzika. Mimi kwa mwaka mzima nilikuwa nimekimbia kila kiatu chenye kisigino nikidhani naujali mguu wangu! Mchuchumio mrefu ndio wa kuacha. Kinyanyuo kidogo chenye kitako kipana ni rafiki.

Nikaenda Karume, soko la mitumba, Jumamosi moja alasiri. Saa hiyo niliichagua makusudi, maana miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kinachokutosha saa mbili asubuhi kinaweza kukubana saa tisa. Nilizunguka karibu saa mbili, nakunja, nasokota, nabana. Wauzaji wengine walikasirika. Mmoja aliniambia, "Dada, unanunua au unafua?" Nikaendelea.

Nilivipata kwenye meza ya kijana aliyekuwa amefungua belo asubuhi ileile. Clarks, rangi ya kahawia iliyokolea, vya mkanda mmoja unaopita juu ya mguu na bizimu ndogo pembeni, mbele mviringo, kisigino kipana cha kama sentimita tatu. Hawa ni Waingereza wa zamani, kampuni yao ilianza mwaka 1825 kwenye mji mdogo uitwao Street, na jambo zuri kwa sisi tunaonunua mtumba ni alama zao za ndani. Zina namba pamoja na herufi. Namba ni urefu, nusu saizi ikiwemo. Herufi ni upana: kwa viatu vya wanawake D ni upana wa kawaida, E ni mpana. Changu kiliandikwa 5½ E, yaani 39 kwa namba tulizozoea, mpana. Nilikaa kimya pale nikikitazama, maana maisha yangu yote nimekuwa nikinunua 40 ili upana utoshe, halafu mguu unateleza mbele na kugonga vidole. Tatizo langu lilikuwa upana. Urefu haukuwa na kosa.

Nilivaa vyote viwili, nikasimama, nikahakikisha mbele ya kidole kirefu pamebaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kijana alitaja 60,000, tukamalizana kwa 42,000. Soli ilikuwa ya mpira mgumu, imelika kidogo tu, na imelika sawasawa pande zote. Hilo nalo liangalie: kisigino kilicholika upande mmoja kinakupa mwendo wa mtu mwingine.

Kutoka hapo moja kwa moja kwa mzee wangu. Alivikagua kama daktari, akaridhika, lakini akasema ndani havina uvungu wa kunitosha mimi. Akamwaga maji kidogo chini, akaniambia nilowanishe mguu na kukanyaga kipande cha boksi. Alama iliyobaki ilikuwa kisigino, vidole, na mstari mwembamba upande wa nje tu. "Uvungu wako uko juu, unaning'inia hewani," alisema. Akaizungushia ile alama penseli kabla haijakauka. Akachonga kipande cha raba nyepesi ile ngumu, akakinyanyua katikati, akakipunguza kuelekea vidoleni hadi kikawa kama karatasi, akafunika juu kwa ngozi laini ya kondoo. Kila kimoja kinaingia na kutoka, hakijagandishwa. Bei 15,000 pea nzima, na akashona soli kuzunguka kwa 5,000 zaidi ili mvua isifungue gundi.

Siku mbili za mwanzo ziliniumiza, tena katikati ya unyayo. Nilikaribia kuvitupa. Nikarudi, akachomoa, akapunguza kwa kisu labda milimita tatu, akaniambia nivae saa mbili kwa siku, niongeze polepole. Kama utatengenezewa, mwambie fundi wako mapema kwamba utarudi, na asigandishe mara ya kwanza.

Nyumbani ndiko nilikokuwa naharibu kazi yote ya mchana. Kwetu viatu vinaishia mlangoni, na ndani kuna vigae. Nilikuwa nafika jioni, navua, napika na kufagia pekupeku saa tatu nzima. Daktari alilitaja hilo na nikalipuuza, kwa sababu kuingia ndani na viatu kwangu ni utovu wa adabu. Suluhisho ni pea ya ndani tu, isiyotoka nje kabisa. Ndugu yangu anayeishi Hamburg aliniletea Birkenstock, sandali za Kijerumani, za mikanda miwili, soli yake ni ya koki (gome jepesi kama la vizibo vya chupa) na mpira asilia, inachukua umbo la mguu wako kadiri unavyovaa. Kwa sababu hiyohiyo singenunua za mtumba, maana zimeshachukua umbo la mguu wa mwenzio. Kama unaagiza, angalia alama ya unyayo kwenye soli ya ndani: unyayo uliochorwa mstari tu ni upana wa kawaida, uliojazwa rangi ni mwembamba. Na usizianike juani, koki hukauka na kupasuka. Kama huna wa kukuletea, kandambili nene ngumu zenye uvungu ni afadhali mara kumi kuliko pekupeku.

Mazoezi sikuyaacha, nayataja kwa sababu sitaki mtu aamini kwamba ni viatu peke yake. Kabla sijashuka kitandani naitupia kanga chini ya vidole, navuta ncha zote mbili kuelekea kwangu huku goti limenyooka, nahesabu 30, mara tatu. Jioni nasukuma ukuta kwa mikono, mguu mmoja nyuma, kisigino hakinyanyuki. Halafu chupa ya maji iliyoganda kwenye friji, naiviringisha chini ya unyayo nikisahihisha madaftari.

Wiki ya sita ya kuvaa viatu hivi niliamka, nikaenda jikoni, nikabandika maji ya chai, ndipo nikakumbuka kwamba sijasikia msumari. Nilisimama pale nikakanyaga mara mbili kwa makusudi. Hakuna. Ulirudi siku mbili tatu baada ya safari ndefu ya basi, ila haujawahi kukaa tena.

Viatu sasa vina miezi tisa, navaa siku nne kwa wiki. Mkanda naulegeza tundu moja ikifika mchana, jambo ambalo kiatu cha kuchomeka hakikuruhusu. Vinakwenda na gauni, na suruali ya kitambaa, na sketi ndefu. Mwalimu mwenzangu aliniuliza nimevinunua duka gani Mlimani City. Vina uzito kuliko simpo, utauhisi wiki ya kwanza. Kwenye matope sivivai. Kwa sherehe nimepata vingine vya kitako kizima kirefu kidogo, kama sentimita nne, vyenye mkanda wa kwenye kifundo, na soli zilezile za ndani za mzee zinaingia humo. Nilicheza send-off ya mdogo wangu hadi keki inakatwa.

Kile kipande cha boksi chenye alama ya mguu wangu nakitunza kwenye droo ya meza shuleni. Jumamosi belo jipya likifunguliwa Karume nakikunja na kukitia kwenye mkoba, nikikuta kiatu natoa soli ya ndani, nalaza boksi juu yake. Kama mstari wa penseli unatokeza pembeni, nakirudisha mezani hata kiwe kizuri namna gani.