“Sijambo” ya mama ilivyotukosesha nafuu ya kodi: uzoefu wangu na fomu T2201

Mama yangu alipata kiharusi mwaka 2021. Mkono wa kushoto hauna nguvu, mguu wa kushoto anauburuta, na safari ya kutoka kitandani hadi chooni ni safari kweli. Lakini muulize hali yake, hata saa hiyo akiwa ameegemea ukuta anahema, atakujibu: “Sijambo, alhamdulillahi.” Jibu hilo hilo alimpa daktari, mkalimani nikiwa mimi, na ombi letu la kwanza likakataliwa.

Kwetu ni Tanga, siku hizi tunaishi Edmonton, Kanada. Nimepitia mambo ya DTC (Disability Tax Credit), yaani nafuu ya kodi ya Kanada kwa watu wenye ulemavu, mara mbili: kwa mwanangu mwenye usonji, kisha kwa mama. Ya mtoto ilipita mara ya kwanza. Ya mama ilinitoa jasho, kwa hiyo nitaikalia zaidi.

Wengi wetu tunadhani DTC ni posho ya mgonjwa. Siyo. Ni nafuu inayopunguza kodi ya mapato, na kama hukukatwa kodi hakuna cha kupunguza. Mama hana mshahara, angeachwa nayo mwenyewe isingemsaidia kitu. Uzuri wake ni kwamba inaweza kuhamishiwa kwa ndugu anayemtunza, yaani anayemlisha, anayemvisha au kumpa pa kulala. Kwenye ritani yangu, ile fomu ya kodi ya kila mwaka, inakaa mstari wa 31800. Kwa mwaka 2024 kiasi cha serikali kuu kilikuwa dola 9,872, na ulichookoa kilikuwa asilimia 15 yake, dola 1,480.80. Mtoto chini ya miaka 18 aliongezewa 5,758, kwa hiyo kwa mwanangu ilifika hadi dola 2,344.50 kwa mwaka huo mmoja, kabla hujahesabu nafuu ya jimbo. Tena unaweza kurudishiwa ya nyuma, hadi miaka kumi, kama hali ilikuwepo miaka hiyo.

Hiyo ya miaka ya nyuma ndiyo inayowaleta madalali. Nilikutana na mmoja harusini, tena mwenzetu, anaongea kwa upole. “Dada, wewe saini tu, mengine niachie.” Malipo yake yalikuwa robo ya kila kitakachorudi. Nilikuwa nimechoka na zamu za usiku, karatasi nikaibeba hadi nyumbani. Nilipokaa kupiga hesabu nikaona kwamba kwa miaka minne ya mtoto angeondoka na zaidi ya dola elfu mbili, kwa kazi gani? Sehemu ngumu ya fomu inajazwa na daktari, na dalali haruhusiwi kuigusa. Inayobaki ni jina, anwani, namba ya SIN (namba ya bima ya jamii), na nani anamtunza nani. Shirika la mapato, CRA, halitozi hata senti kupokea ombi. Karatasi yake nikaitumia kuandikia mahitaji ya sokoni.

Fomu yenyewe inaitwa T2201. Nilianza mtandaoni kwenye akaunti yangu ya CRA, nikajaza sehemu ya kwanza, nikapewa namba ya kumbukumbu. Namba hiyo unampa daktari, naye anaingia kwenye ukurasa wake, anajaza sehemu ya pili na kuituma moja kwa moja. Hakuna kubebana na bahasha. Ukitaka karatasi bado ipo. Kwa mwanangu aliyejaza ni mwanasaikolojia aliyempima, maana kwa mambo ya akili mwanasaikolojia anaruhusiwa. Nilimpelekea na barua ya mwalimu inayoeleza siku ya mtoto darasani ilivyo. Kabla ya wiki nane jibu likaja: amekubaliwa.

Na hapo kuna kitu hakuna aliyeniambia. Mtoto akishakubaliwa DTC, na mzazi tayari analipwa ile pesa ya watoto ya kila mwezi, kuna nyongeza ya mtoto mwenye ulemavu inayoingia humo humo. Kwa mwaka ulioanza Julai 2025 kiwango cha juu kilikuwa dola 3,411, haikatwi kodi, na inapungua kadiri kipato cha nyumba kinavyopanda. Kwa familia ya kipato kidogo hii ni kubwa kuliko nafuu ya kodi yenyewe, kwa sababu unalipwa hata kama hukukatwa kodi. Nawajua kina mama wawili waliosema “mimi kodi silipi, DTC ya nini?” wakaacha. Tena cheti hicho hicho cha DTC ndicho kinachofungua akaunti ya RDSP, akiba ya muda mrefu ya mwenye ulemavu, ambako serikali inaweza kuweka hadi dola 1,000 kwa mwaka kwa familia zenye kipato kidogo hata usipotia chochote. Wa kati ya miaka 18 na 64 wana malipo mengine yaliyoanza Julai 2025 kwa kiwango cha hadi dola 200 kwa mwezi, nayo yanadai DTC kwanza. Mama ameshavuka umri huo.

Sasa turudi kwa mama.

Siku ya kliniki alivaa dera lake la maua na mtandio mpya. Daktari akauliza kama anatembea. Nikamgeukia: “Mama, anauliza unatembea?”

“Natembea mwanangu. Mwambie natembea, Mungu mwema.”

Nikatafsiri hivyo hivyo. Anavaa mwenyewe? “Navaa.” Anakula mwenyewe? “Nakula, si unaniona nilivyonenepa?” Daktari akacheka, mimi nikacheka, na kila mtu akaondoka na furaha yake. Hakusema kwamba dera analipenda kwa sababu linaingia kichwani moja kwa moja, na kwamba suruali, soksi, koti na buti za baridi namvalisha mimi. Hakusema kwamba swala anaswalia kwenye kiti, wala kwamba hadi amalize kutia udhu mimi nimeshachemsha chai na kuiepua. Na mimi, nikiwa mkalimani mwaminifu, sikuongeza neno.

Barua iliporudi ilieleza sababu: maelezo yaliyotumwa hayaonyeshi kizuizi kikubwa. Sikuwa na wa kumlaumu. Nilipoyasoma yale majibu, hata mimi ningekataa.

Ndipo nikakaa kuisoma fomu kwa utulivu. Hawaamui kwa jina la ugonjwa. Neno “kiharusi” peke yake halikupitishi, na “usonji” vile vile. Wanataka kujua shughuli za kila siku zinavyokwenda: kutembea, kuvaa, kula, haja kubwa na ndogo, kuona, kusikia, kuongea, na kazi za akili. Hali lazima iwe imedumu au itarajiwe kudumu miezi 12 mfululizo. Kizuizi kiwepo asilimia 90 ya wakati au zaidi. Halafu kuna kipimo kilichonifungua macho: kama mtu anaiweza shughuli, lakini inamchukua muda mara tatu au zaidi ya mtu wa umri wake asiye na tatizo hilo, hata akitumia fimbo, dawa na mazoezi, huyo naye anahesabiwa. Kwa hiyo “natembea” halikuwa jibu. Swali lilikuwa anatembea kwa muda gani.

Nikanunua daftari. Wiki mbili nikawa napima kwa saa ya simu. Kituo cha basi hadi mlangoni kwetu, jirani wa umri wake anatumia dakika tatu. Mama na fimbo yake, kumi na nne, amesimama mara mbili. Kuvaa nguo za kutokea, dakika thelathini na tano nikimsaidia. Siku ya tatu akanikamata.

“Unaandika nini?”

“Naandika unavyotembea, mama.”

“Ndiyo unaniandikia aibu zangu? Uwapelekee wazungu wasome?”

Siku hiyo hatukuongea sana. Mama amelelewa kwamba ugonjwa wako ni siri yako na Mola wako, na mtu akikuuliza hali unamtoa wasiwasi. Fomu hii inataka kinyume chake: useme usichokiweza, useme mara ngapi, na mtu mwingine asaini chini. Jioni nilimwambia, “Mama, hii siyo kulalamika. Ni ushahidi. Kadhi akikuita shahidi utamwambia sijambo?” Akanyamaza. Baada ya siku mbili akaniita kutoka chumbani: “Njoo uandike na hili la vifungo.”

Safari ya pili sikwenda kwa daktari wa familia. Kwa kutembea, mtaalamu wa fiziotherapia anaruhusiwa kujaza, na wa kwake alikuwa ameshamwona akipanda na kushuka ngazi miezi mingi. Alilipokea daftari kwa mikono miwili. Alinitoza dola 60 za kujaza, ambazo si CRA inayolipa, ingawa unaweza kuzidai kama gharama za matibabu kwenye ritani. Barua ya kukataliwa inakupa siku 90 za kuweka pingamizi rasmi, lakini sisi tulikuwa na maelezo mapya, tukaomba upya. Kwenye sehemu ya kwanza kuna kisanduku cha kuomba warekebishe ritani za nyuma. Kitie alama. Tulikubaliwa kuanzia 2021.

Malalamiko yangu ni machache. Huduma ni kwa Kiingereza na Kifaransa tu, kwa hiyo mzee kama mama hawezi kuomba bila mtoto au jirani. Ukipiga simu kwa niaba yake lazima uwe umeidhinishwa kama mwakilishi wake, la sivyo hawakusikilizi, na wana haki. Na ili mama awe na akaunti mtandaoni ilibidi kwanza awe na ritani iliyopelekwa, mtu asiye na kipato hata cha senti. Hiyo alijaziwa bure na wale wanaojitolea kwenye kliniki za kodi, ambao kila mwaka kuanzia Machi utawakuta kwenye maktaba na vituo vya jamii. Wajazieni wazee ritani kila mwaka.

Mwulizaji mmoja wa msikitini alitaka kujua ningeipa nyota ngapi. Nne. Ile ya tano nimeinyima kwa sababu ya lugha ya fomu, maana hata mimi ninayefanya kazi hospitali nilisoma mara tatu kabla ya kuelewa.

Cheti cha mama hakina tarehe ya mwisho. Cha mwanangu kinaisha 2028, itabidi tuombe upya, naye atakuwa mkubwa na matatizo yake yatakuwa mengine. Daftari la mama bado lina kurasa nyingi tupu. Nimeligeuza nyuma mbele nikaanza ya mtoto.