Begi la matairi la inchi 26 kutoka Kariakoo, baada ya miezi 14

Begi lenyewe liko hapa mbele yangu, sebuleni kwa mama, Magomeni. Matairi matatu ya kijivu, moja jeusi. Hilo jeusi nitalieleza.

Nililinunua Mtaa wa Kongo kwa Sh 85,000. Bei ya kuanzia ilikuwa 120,000. Anayeijua Kariakoo anajua hufiki dukani peke yako: unashuka mwendokasi pale Msimbazi, winga, yule dalali wa kuvutia wateja dukani, ameshakudaka. Wangu alikuwa kijana mcheshi, akanivuta moja kwa moja hadi kwenye begi la inchi 32. "Dada unaenda Ulaya, beba kubwa." Nikamwambia mbona zito hata likiwa tupu. "Kwani shemeji si atabeba?"

Shemeji hakuwepo. Nilikuwa naenda Leipzig, Ujerumani, kusomea uuguzi miaka mitatu, na kule sikuwa na ndugu wala jirani. Kijerumani changu kilikuwa cha darasani, taasisi ya Goethe pale Upanga: naweza kuuliza treni inaondoka saa ngapi, kuelewa jibu ni suala jingine.

Mwenye duka ni mama mtu mzima, amekaa kwenye stuli mlangoni, anasikiliza tu. Winga alipomaliza, akainuka, akachukua la inchi 26, akalijaza vitenge na pea za viatu vya dukani mpaka zipu ikafunga kwa taabu. "Haya mwanangu, lipandishe kwenye ile rafu." Nikalipandisha, jasho likanitoka. Akalijaza na lile la 32. Halikuvuka magoti. "Basi hilo si lako," akasema. Tena hilo ndilo lilikuwa la bei kubwa.

Akanifundisha na mambo mengine mawili ambayo sikuyajua. La kwanza, bonyeza kifuniko katikati kwa kiganja: plastiki nzuri inabonyea kisha inarudi, ile ya bei rahisi inakaza, na siku ikigongwa inapasuka. Langu lilibonyea. La pili, zipu za kawaida za nailoni hufunguliwa kwa ncha ya kalamu ya wino hata kama umetia kifuli, halafu mtu anaivuta ikajifunga tena, hujui kama umeibiwa. Akanionyesha hapo hapo kwa kalamu yake ya risiti. Kwa hiyo vyeti, pasipoti na pesa nilivitia kwenye mkoba wa begani, begi likabaki la nguo na chakula.

Chakula, ndiyo. Nyama na vitu vya maziwa huruhusiwi kuingia navyo Ulaya, lakini dagaa wanapita, na nazi pia. Embe dodo nilimwachia mama. Tiketi yangu iliruhusu mizigo miwili ya kilo 23, hivyo wa pili ukawa shangazi kaja, ule mfuko mkubwa wa mirabaraba, na ndani yake mbuzi ya kukunia nazi. Pale Jengo la Tatu la uwanja wa ndege kijana wa mashine ya ukaguzi aliitazama ile picha, akacheka: "Dada, unahama na mbuzi?"

Sasa begi kazini. Nilielewa kwa nini yule mama alinitesa na ile rafu nilipofika Frankfurt. Nataka kwenda chooni, hakuna wa kumwambia "niangalizie mzigo." Ukisafiri peke yako unaingia navyo vyote. La 26 liliingia mlangoni, mlango ukafunga, mimi nikabaki nimebanwa kati ya begi na ukuta. La 32 lingebaki nje na mimi ningejibana mpaka Leipzig. Kisha ngazi za treni, watu nyuma yangu wanahema. Kisha chumba changu: ghorofa ya nne, hakuna lifti. Nilipanda na begi kwanza, nikarudi kuchukua shangazi kaja. Usiku ule nilikula mkate mkavu nikalala na viatu.

Kasoro zipo. Kitambaa cha ndani kilichanika mwezi wa tatu tangu nilinunue. Matairi yake manne yanazunguka kila upande, na kwenye sakafu ya uwanja wa ndege utajiona malkia. Kwenye tramu dereva akikanyaga breki, begi linakukimbia. Lilimgonga bibi mmoja, nikaomba radhi kwa maneno yote niliyofundishwa Upanga. Na mitaa ya zamani kule imetandikwa mawe, tairi dogo halina ubavu. La mbele kushoto lilikatika mwezi wa kumi na mbili. Ningenunua leo ningechukua la matairi mawili makubwa, na ningeligeuza kwanza nione kama yamefungwa kwa skrubu. Yangu yamepigwa ribiti, kuyabadilisha mpaka fundi atoboe.

Risiti imeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi, basi juzi nilikwenda bila matumaini. "Shikamoo mama." "Marahaba. Tairi la kushoto?" Hata hakulitazama. Akamwita fundi wa jirani, dakika ishirini, Sh 7,000, rangi ya kijivu hakuna. Sikufurahi kulipa, na anayejua tairi gani litakatika angeweza kunionya siku ya kwanza. Hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Nne anazo.

Nikamwambia nataka na lingine la mdogo wangu, anakwenda Muscat mwezi ujao. Nikaanza kuchagua rangi. Mama akaniondoa mkono kwenye begi.

"Mwenyewe yuko wapi? Mlete alinyanyue."