Mwembe wa kubebesha wa uani: ununue upi?

Mche wangu wa kwanza wa mwembe niliununua kandokando ya barabara kwa sababu ulikuwa na embe moja linaning'inia. Mche wa kimo cha goti, embe la ukubwa wa ngumi! Nikalipa bila hata kuuliza jina. Embe likadondoka wiki ileile, kikonyo (kile kijiti cha aina bora kinachobebeshwa juu ya shina la mche mwingine) kikakauka, na chipukizi lililotoka chini yake ndilo lililokua mpaka likagusa bati. Leo linatupa maembe ya nyuzi, ya kufyonza tu, ukimaliza unatafuta kijiti cha meno.

Kwa hiyo kabla ya aina, kagua mche. Uliobebeshwa una kovu, mara nyingi kama shubiri moja kutoka kwenye udongo, pale kikonyo kilipoungwa na shina la chini. Kovu liwe limefunga kabisa. Likicheza ukiligusa, uache. Majani yote unayoyaona yawe yametoka juu ya kovu. Kisha inua kiriba, yaani mfuko wa mche: mzizi ukiwa umetoboa na kuzama ardhini, mche umelala kitaluni muda mrefu na mzizi huo utakatika ukiung'oa. Muuzaji akikwambia "hii ni ya kisasa", mwulize jina. Kisasa si aina.

Kwa kiwanja cha kawaida cha mjini, namba moja yangu ni Keitt. Huchelewa kuiva, maembe ya sokoni yakiwa yameanza kuadimika, nalo ni kubwa na karibu halina nyuzi. Sifa yake nyingine hutaisikia kitaluni: hubaki na ukijani hata likiiva, hivyo watoto wa mtaa wanapita chini yake bila kuokota jiwe. Wewe mwenyewe utajifunza kulibonyeza, maana rangi haikuambii kitu.

La pili ni Apple, lile la duara kutoka Pwani ya Kenya. Kwa utamu peke yake ningeliweka juu ya Keitt. Tatizo ni ubwiriunga na chule, magonjwa ya ukungu: kwenye unyevu wa Dar au Tanga, mvua ikikuta mti umetoa maua, maua yanaweza kuwa meusi na kupukutika yote. Ukiwa Dodoma au Makueni, kwenye ukavu, lipandishe liwe la kwanza.

Kent nalipa nafasi ya tatu. Ni tamu na laini, ila mti wake una nguvu na hupenda kwenda juu. Kama huna mkono wa kupogoa, utachuma kwa ngazi.

Tommy Atkins la nne. Lina rangi ya kuvutia na ganda gumu linalovumilia safari, ndiyo maana wasafirishaji wanalipenda. Wewe unasafirisha kutoka uani mpaka jikoni.

Dodo na bolibo siwezi kuyasema vibaya, ni maembe ya utotoni. Ila miche yake mingi ni ya mbegu: utasubiri miaka 6 au zaidi, ilhali mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4, na mti utakula uwanja wote.

Aina yoyote utakayochukua, weka pembeni hela ya mtego wa inzi wa matunda. Yule wa kutoka Asia alionekana Kenya mwaka 2003 na hachagui embe.

Mche ukifika nyumbani, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo na samadi iliyooza, na kovu libaki juu ya udongo. Utepe wa nailoni uliofungwa kwenye kovu utoe kabla haujaanza kulikaba shina. Maua ya miaka 2 ya kwanza yakwanyue, hata kama yanakuuma. Na chipukizi lolote chini ya kovu ling'oe likiwa bado changa. Langu lililogusa bati nililiona likiwa la kidole kimoja, nikadhani mche umenawiri.